Mjomba wa Bustani: Ginko ya Shangani, mkwaju uliotoboa sado, na maswali mengine ya mizizi

Safari hii karibu maswali yote ni ya miti ya kwenye vyungu, bonsai tu, yani mti unaokatwakatwa ubaki mdogo chunguni, nadhani kuna video imezunguka kwenye magrupu maana zaidi ya mtu mmoja kamtaja mzee yuleyule wa Kijapani na mkasi wake. Nimechukua machache. La kwanza nimelijibu kwa urefu sababu ndani yake yamo majibu ya wengine, kwa hiyo hata kama huna ginko na hujawahi kuiona we soma tu.

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Mtwara mjini, Shangani, karibu na bahari. Kaka yangu alisoma China, alivyorudi akaniletea kimti cha ginko kwenye kichungu kifupi, urefu kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, jani lake lina umbo la upepeo wa kuwashia jiko. Huu mwaka wa tatu sijabadilisha udongo. Nikimwagilia maji yanatuama juu ndo yanashuka taratibu, majani yanatoka madogo kila mara na pembeni yanaungua rangi ya kahawia. Video ya Mjapani inasema mizizi inakatwa Machi. Huku Machi si mvua tupu na joto? Sasa hivi mti una majani, nikate au nisubiri? Dada yangu kaolewa Njombe ananiambia nimpelekee yeye, mi naona ananitamania mti wangu tu. — Mwenye ginko, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkasi weka chini kwanza.

Sisemi usikate kabisa. Mizizi itakatwa, na kwa hayo maji kutuama inaonyesha imeshajizungusha humo ndani mpaka imekosa pa kwenda, ila haikatwi mti ukiwa na majani kamili. Ni hivi. Ile mizizi myembamba ndo inayokunywa maji, majani yanayatoa hewani mchana kutwa, na kwa jua la Shangani na upepo wa baharini yanatoka kwa kasi kweli. Ukikata theluthi ya mizizi leo majani hayana habari, yanaendelea kudai maji yaleyale ya jana, mizizi iliyobaki haimudu, mti unaanza kunyauka kuanzia juu wakati udongo umelowa chapachapa. Mwenye mti akiona unanyauka anaongeza maji. Vidonda vya mizizi vinaoza. Bonsai nyingi zinakufa kwa njia hiyo baada ya kubadilishiwa chungu, halafu mtu anasema mkono wake mbaya, au majirani wana macho.

Sasa yule mzee wa kwenye video hajakosea, yuko kwao. Ginko asili yake China, Japani wanaupanda mpaka barabarani na jiji la Tokyo limeuchagua kuwa mti wake. Baridi ikikaribia majani yote yanageuka njano halafu yanapukutika karibu kwa pamoja, mti unabaki matawi matupu miezi yote ya baridi, chakula umeshakiweka kwenye shina na kwenye mizizi minene. Joto likianza kurudi macho ya kwenye matawi, yani pale jani linapochipukia, yanavimba. Hapo sasa, jicho limevimba lakini jani halijafunguka, ndo anashika mkasi, maana mti una akiba yake, hauna jani hata moja la kudai maji, na joto linapanda kwa hiyo vidonda vinatoa mizizi mipya upesi. Kwao hali hiyo inaangukia mwezi Machi hivi. Machi yake na Machi yako zinafanana jina tu. Kwa hiyo wote mnaoniuliza nikate mwezi gani, angalieni macho ya mti wenyewe, kalenda itawadanganya, hasa kalenda ya upande wa pili wa dunia.

Halafu kuna jambo ambalo video haiwezi kukwambia sababu mzee halijui, yani joto la Mtwara. Huku hata usiku wa Julai kipimo kinashuka kidogo tu chini ya nyuzi 20. Ginko inataka wiki kadhaa za baridi ya kweli, chini ya nyuzi 10, ndo ilale ikalala na iamke ikaamka. Isipoipata inaamka nusunusu, jicho moja linafunguka jingine limegoma, majani yanatoka madogo tena kwa zamu, na akiba inapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hayo majani yako madogo naona yana sababu mbili, chungu kimejaa mizizi, na mti haujalala usingizi wa maana tangu ufike. Udongo mpya utatibu ya kwanza tu. Hiyo ya pembeni kuungua ni ya tatu, jua la saa sita likipiga chungu kidogo mizizi inachemka, na upepo wa bahari unaleta chumvi juu ya majani. Isogeze upande wa mashariki wa nyumba ipate jua la asubuhi mpaka saa nne hivi kisha kivuli, na jioni isuuze majani kwa maji baridi ya bomba.

Najua utaniletea stori kwamba ginko haufi. Ni kweli una historia nzito, miti ya ginko iliyokuwa kilomita moja mbili hivi kutoka lilipolipuka bomu la Hiroshima Agosti 1945 ilichipua tena na mingine ipo mpaka leo. Na ukoo wake ulikuwepo duniani enzi za dinosaria, ambao sisi watu wa kusini tuna haki ya kuwaongelea maana mifupa ya Tendaguru kule Lindi ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, Wajerumani wakisimamia na vibarua wa huku wakichimba na kubeba vichwani mpaka pwani, na mnyama mwenyewe mrefu kasimama Berlin hadi kesho. Sawa. Lakini ile ya Hiroshima ilikuwa na mizizi ndani ya ardhi yote ile, yako ina udongo wa kujaza bakuli. Mti kwenye chungu unaishi kwa unachoupa wewe, ugumu wa ukoo wake hausaidii sana.

Leo fanya dharura tu. Chukua njiti ya mshikaki utoboe juu ya udongo sehemu nyingi nyingi, polepole, usilazimishe ukikutana na mzizi. Halafu zamisha chungu kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe kutoka, ukitoe kichuruzike, usikiache humo usiku kucha. Utaona maji yamefika katikati ambako pengine hayajafika siku nyingi. Kama bado hali ni mbaya chomoa mti na bonge lake zima, usiuoshe, usilivunje bonge, legeza kidogo tu mizizi ya chini iliyojizungusha, uingize kwenye chungu kikubwa zaidi kwa vidole viwili kila upande, jaza pembeni udongo mpya wa chengachenga. Mzizi pekee unaoruhusiwa kukata leo ni uliooza, yani mweusi, unateleza, unanuka. Ukishahamisha, mwagilia pale karibu na shina taratibu, maana maji yanapenda kupita kwenye udongo mpya wa pembeni yakaliacha bonge la zamani kavu, mtu anadhani kamwagilia kumbe kaosha chungu.

Baada ya hapo subiri. Ikipukutisha majani usiogope wala usiyanyofoe kwa mkono kuiharakisha, punguza maji udongo ubaki na unyevu tu, uwe unakagua macho. Siku utakapoona yamevimba na kijani kinachungulia ndo siku ya kazi.

Siku yenyewe fanya kivulini, asubuhi au jioni, uwe na ndoo ya maji na gunia bichi la kufunikia mizizi, kwa sababu mizizi myembamba ikipigwa na upepo dakika chache tu imekauka na haiamki tena. Mkasi mkali, uufute kwa spiriti. Chungu kipya kiwe tayari kabla hujachomoa mti, sio mti uko hewani wewe unatafuta wavu. Chomoa, chambua udongo wa zamani kwa njiti ile ile kuanzia pembeni kwenda katikati, taratibu sana, mizizi ya ginko ni minene imejaa maji na inavunjika ukiikwaruza. Ikishanyooka utaona ipo ya aina mbili. Minene inayoshuka chini au kuzunguka, hiyo ndo ya kufupisha, maana kwenye chungu kifupi haina kazi, inakula nafasi tu. Myembamba yenye matawi matawi karibu na shina, hiyo ndo mdomo wa mti, iache. Mnene ukiukata, uelekeze uso wa kidonda chini, mizizi mipya itatoka pembeni ya kidonda na kusambaa. Jumla usizidi theluthi. Mti wako una mwaka wa tatu bila baridi, hauna akiba ya kuchezea, mimi ningeishia robo na kuacha nyingine hadi safari ijayo.

Chini ya chungu weka wavu wa dirisha kwenye matundu, pitisha waya mwembamba wa shaba kwenye matundu hayo ili baadaye ufunge bonge la mizizi lisitikisike. Watu wengi wanaruka hii ya waya. Mti ukiyumba na upepo kila mzizi mpya unaochipua unakatika, na Shangani upepo haujawahi kuisha. Mwaga udongo uwe kilima katikati, kalisha mti, uzungushe kidogo kulia kushoto ukae, funga, jaza pembeni, dunda kwa njiti ili kusibaki mashimo ya hewa, mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Kivulini wiki tatu nne. Mbolea hapana, hakuna samadi hakuna busta, mpaka majani mapya yakomae, mbolea kwenye kidonda inaunguza. Na siku hiyohiyo usikate matawi makubwa. Ginko kidonda chake cha tawi hakijifungi vizuri, kovu linabaki na mara nyingi tawi linakufa kurudi nyuma, kwa hiyo tawi likatwe likiwa bado dogo, na waya wa kupinda matawi ukiuweka uukague mara kwa mara maana ganda lake laini linaingia alama upesi. Mti mdogo unarudia zoezi hili kila miaka miwili, ukizeeka kila mitatu mpaka mitano.

Tukija kwa dada yako. Mpelekee. Nasema kweli kabisa, Njombe Juni na Julai wanapata mpaka sakitu, ule umande wa kuganda, hiyo ndo dawa ambayo mimi na wewe hatuwezi kuinunua Mtwara. Kama anautamani mti ndo vizuri, mti unaotamaniwa unamwagiliwa. Usafirishe kabla baridi haijakolea, mwezi wa tano hivi, ukiwa haujakatwa mizizi, chungu kimefungwa gunia bichi na mfuko juu ya udongo, na kwenye basi usiuweke karibu na injini. Akae nao kipindi cha baridi, wakati wa macho kuvimba kule uende wewe mwenyewe na mkasi wako, uukate mizizi palepale Njombe kwenye ubaridi, ugomvi wa umiliki mtamalizana huko huko. Kuna watu wa nchi za joto wanaolaza miti ya namna hii kwenye friji ikiwa haina majani, wiki sita na zaidi, mbali na matunda. Inawezekana. Lakini friji inayofunguliwa kutwa kwa maji na juisi, na umeme wa kuja na kuondoka, mimi simshauri mtu, na nyumbani wataanza kukuangalia vibaya.

Na walioniuliza wataipataje ginko kutoka nje, msiifiche kwenye begi. Mmea wowote unaoingia nchini unatakiwa uwe na kibali na cheti cha afya ya mmea, wahusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Sisi tunaoishi kwa mikorosho ndo tungekuwa wa kwanza kuogopa wadudu wa kuletwa.

SWALI: Asalaam aleikum mjomba, niko Lindi mjini. Mkwaju wangu nimeuotesha kwa mbegu ya kokwa tu, sasa shina limenenepa linapendeza kweli, upo kwenye sado. Juzi nataka kuisogeza sado haiinuki, kumbe mzizi umetoboa tundu la chini umeingia ardhini. Mume wangu anasema ang'oe kwa nguvu. Nataka niuhamishie kwenye chungu kifupi uwe bonsai. — Mama wa mkwaju, Lindi

JIBU: Waaleikum salaam binti yangu. Mwambie baba asubiri, asishike chochote.

Huo mkwaju haukuwa unaishi kwenye sado, ulikuwa unaishi kwenye ua wako, sado ni nguo tu umevaa. Kunenepa kote huko kwa shina kumetokana na mzizi wa ardhini. Ukiukata ghafla, hasa kipindi hiki cha kusi kikavu, ni sawa na yale niliyomwambia wa ginko, majani mengi, mdomo umekatwa. Habari nzuri ni kwamba mkwaju ni wa kwetu, haudai baridi, na unavumilia mkasi vizuri kuliko ginko.

Uukate kwa awamu. Subiri hewa ianze kuwa nzito, mvua za kwanza zile za Novemba mwishoni au Desemba, uangalie ncha za matawi zinavyoanza kutoa vijani vipya vyekundu-kijani. Hapo inua sado upande mmoja kidogo, ukate nusu ya unene wa ule mzizi kwa msumeno mdogo, rudishia, mwagilia ndani ya sado kila siku ili mizizi ya ndani izoee kazi. Wiki chache baadaye malizia. Siku ya kumalizia punguza na majani, nusu hivi, fupisha matawi marefu, mkwaju haununi kwa hilo. Sado ipasue kwa kisu pembeni badala ya kuvuta mti, sado ni ya bei rahisi.

Ukishautoa utakuta mzizi mkuu mmoja mnene umeshuka wima. Watu wanauogopa huu, wanasema ndo moyo wa mti. Kwenye chungu kifupi hauna faida, ila usiuondoe wote mara moja kama mizizi ya pembeni ni michache. Kata ubaki mfupi kiasi cha kuingia kwenye beseni la kina cha wastani, mwaka mmoja humo, ukishaona mizizi ya pembeni imejaa ndo unaufuta kabisa na kuhamia kwenye chungu kifupi unachokitaka. Najua una haraka ya chungu kizuri. Beseni la kuoshea vyombo lililotobolewa matundu mengi litakufikisha.

Jioni majani ya mkwaju yakijikunja usidhani umeuua, usiku ndo kawaida yake. Yakiwa yamejikunja saa nne asubuhi, hapo ndo uuweke kivulini na uukague maji.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Mimi kijana wa Masasi, sina ginko wala sina ndugu China lakini nina mbuyu mdogo kwenye chungu, umeacha majani yote nadhani umekufa. Nikikwaruza ganda chini ni kijani. Nimeuongezea maji kila siku lakini hautoi kitu. — Kijana wa mbuyu

JIBU: Acha maji, leo hii.

Kwanza safi sana kukwaruza, kijani maana yake hai. Mbuyu wako umelala. Ginko inalala kwa baridi, mbuyu unalala kwa ukame, na wewe umeingia chumbani mwake na ndoo. Shina lake na mizizi yake minene imejaa maji tayari, ukiongeza na mti hauna majani ya kuyatumia unaoza kuanzia chini, utabonyeza shina utakuta laini. Kama bado gumu umewahi.

Na kwa kweli kijana, huo ndo mti ningemwambia kila mtu wa Mtwara na Lindi aanze nao badala ya kuhangaika na miti ya Japani. Unapukutisha majani wenyewe, shina linanenepa mapema ukaonekana mzee wakati ni mtoto, na unakubali kukatwa mizizi. Usingizi wake unaisha mwisho wa kiangazi, Oktoba au Novemba, na macho yatakwambia. Yakivimba, chomoa, kata mzizi wa chini ule mnene, halafu, hapa ndo tofauti na ginko, usiupande mbichi. Uache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke kiwe kama kimejifunga ganda, ndo upande kwenye udongo mkavu wa chengachenga, na maji uanze kidogo kidogo majani yakishatoka. Jua lote umpe. Ginko inakimbizwa kivulini saa nne, mbuyu ndo kwanza unachangamka.

Hata mdaganyoka ule wa maua ya waridi wanaouza vitaluni, nadhani mnaujua kwa jina la deseti rozi, unakwenda kwa kanuni hiihii ya kukausha kidonda. Utomvu wake ni sumu, nawa mikono na watoto wasichezee.

SWALI: Mjomba, hapa Newala udongo wa bonsai wa Kijapani nitautoa wapi? Nimesaga maganda ya korosho, nikachanganya na mchanga wa ufukweni niliobeba Mikindani. Unafaa? Na maji huku unajua hali yake.

JIBU: Haufai vyote viwili, pole kwa kubeba.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, kuusafisha mpaka ikaisha kunataka maji mengi ambayo Newala ungeyanywa. Maganda ya korosho yana yale mafuta yanayounguza mikono ya wabanguaji, sasa mizizi iliyotoka kukatwa itaponaje humo. Yaache yawe kuni.

Tafuta matofali ya kuchoma yaliyovunjika, kwa mafundi hawakudai hata mia, yaponde, chekecha mara mbili, ubakize vipande vya milimita 3 mpaka 6. Vumbi lote litupe, vumbi ndo linaloziba maji yakatuama. Tofali lililochomwa vizuri linashika maji kwenye vitundu vyake na linaacha hewa ipite, kazi hiyohiyo ambayo udongo wa Kijapani unafanya kwa pesa nyingi. Sehemu mbili za tofali, moja mchanga mnene wa mtoni, moja makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au mboji iliyoiva. Makumbi yaloweke na kuyasuuza kwanza maana nayo hushika chumvi, na kwa shida ya maji ya huko juu ongeza kidogo makumbi upunguze mchanga, uwe unamwagilia asubuhi mapema. Kwa mbuyu ondoa makumbi kabisa. Maji ya kuoshea mchele tumia bila wasiwasi, ya sabuni hapana. Ukitaka kujua kama mchanganyiko uko sawa mwagia kikombe kimoja cha maji kwenye chungu, yakikaa juu ukapata nafasi ya kuyaangalia rudi kuchekecha.

SWALI: Mjomba niko Kilwa Masoko. Nasikia ginko ni dawa ya kumbukumbu. Yule ndugu wa Shangani akikata matawi anaweza kunitumia majani na mbegu nichemshe, mama yangu mzee anasahausahau na anatumia dawa za kuyeyusha damu.

JIBU: Hapana, na hasa kwa sababu ya hizo dawa za damu. Ginko inaweza kuzidisha kutokwa damu kwa mtu anayezitumia, mama akachubuka kidogo damu ikagoma kukata. Mbegu mbichi zenyewe zina sumu inayoleta degedege, na nyama yake ya nje inawasha ngozi na inanuka vibaya sana, ingawa hilo lisikusumbue, mti jike uliooteshwa kwa mbegu unaweza kupita miaka 20 bila kuzaa, sembuse wa kwenye kichungu. Vidonge vya madukani vinatengenezwa kwa majani yaliyochujwa kiwandani, navyo usimpe bila daktari anayemwandikia hizo dawa kujua. Mpeleke mama akapimwe presha na sukari, kusahau kuna sababu nyingi na nyingine zinatibika.